Mraba Usiopakwa Rangi

Kwa majuma kadhaa sasa Rama ananisubiri katika kila kituo cha metro hapa Brussels. Nikishuka ngazi pale Saint-Guidon yupo ukutani, mrefu kunishinda. Nikibadilisha treni katikati ya mji yupo tena, safari hii amemulikwa na taa kwa nyuma kama tangazo la manukato. Ni kijana mwembamba, amekaa juu ya meza, amekunja miguu, kizibao cheusi kifuani, sindano mkononi, na kitambaa cha koti kimemwagika magotini. Ameinua macho kutoka kwenye kazi yake na anatazama pembeni, upande wa kulia, nje ya picha, kwa uso ambao waandishi wa magazeti ya hapa wameshindwa kukubaliana kama ni wa hofu au wa huruma. Chini yake limeandikwa jina la marehemu Perla, aliyemchora, na tarehe za maonyesho. Mimi nimeandika vitabu vya insha, vingine vikasomwa hata na watu ambao si jamaa zangu, lakini hakuna aliyewahi kubandika uso wangu popote, hata kwenye mlango wa maktaba ya mtaa. Kwa hiyo kila asubuhi, na kahawa yangu na mkoba wangu wa kizee, nasimama mbele ya Rama wa miaka ishirini na kitu, naye, kama enzi zile, hanitazami.

Alinipigia simu mwenyewe. Hatukuwa tumezungumza kwa muda mrefu, si kwa ugomvi, ila kwa ule uvivu wa watu wanaoishi mji mmoja, na kwa sababu nyingine ambayo nitaifikia. "Profesa," alisema. Sijawahi kuwa profesa. Hilo ni jina nililopachikwa katika nyumba ya Perla, tulikopanga wote wawili. "Umeona mi niko star sasa?" Nikamwambia nimeona. "Bon. Maman Perla alikwenda vizuri, alilala tu. Tulimuzika na watu wake. Nilikutafuta, ile numéro yako ya zamani haiite. Sasa tuende kuona picha, mimi na wewe. Uvae tai." Nikauliza tai ya nini. "Uvae tu. Na usikuje na wivu, uache nyumbani." Nilicheka kama mtu anayecheka mzaha. Kwamba alikuwa amesimama kaburini, kwamba alikuwa ametupa udongo pamoja na familia, nami nilipata habari za msiba kutoka ukutani mwa metro, hilo lilinichoma kabla hata sijahuzunika. Naliandika kwa mpangilio huo kwa sababu ndio uliokuwa mpangilio wake.

Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa mwaka wangu wa kwanza Brussels. Nilikuja kutoka Dar es Salaam kusoma historia ya sanaa, somo ambalo nyumbani nililazimika kulieleza kila mara, na kila nilipomaliza kulieleza mtu aliniuliza tena ninasoma nini. Nilipanga chumba cha juu kabisa katika nyumba ya Madame Perla, Anderlecht, nyumba nyembamba iliyobanwa kati ya ghala la matairi na jengo la magorofa la manispaa. Mlango wa barabarani ulifunguka kwenye ukumbi wa giza, na kutoka ukumbini uliingia chumba cha kulia, ambacho kilikuwa pia chumba cha kuchorea, kwa sababu ndicho chenye dirisha kubwa. Kwa hiyo nyumba nzima ilinuka tapentaini na vitunguu, na hadi leo nikikaanga vitunguu huhisi kuna kitu hakijakauka, nisikiguse. Meza ya kulia ilikuwa ndefu, ya mbao nzito. Tulipotaka kula tulisogeza chupa za rangi, na Madame alipotaka kuchora alisogeza sahani, hata kama hatujamaliza.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, mjane, nywele zake amezifunga kwa kitambaa chochote kilichokuwa karibu, kikiwemo cha kufutia brashi. Alichora maisha ya Wayahudi na hakuchora kitu kingine: meza za Ijumaa jioni, wanawake wakisuka mkate, mafundi wa ngozi na mafundi cherehani waliojazana zamani katika mitaa ya nyuma ya stesheni ya kusini, ambako baba yake alishona makoti ya watu wengine. Wakati wa vita alifichwa kwa wakulima shambani, mtoto mdogo aliyefundishwa jina jingine. Baba, mama na kaka yake walichukuliwa na askari, wasirudi tena. Hakukubaki picha hata moja. "Wenzangu wana sanduku la picha," aliniambia siku niliyomuuliza, kwa sauti ya mwanachuo anayefanya utafiti, kuhusu vyanzo vyake. "Mimi nina majirani." Ndivyo alivyofanya kazi. Aliwaita watu wa mtaa waje wakae pale mezani, akachukua bega la huyu, shingo ya yule, namna mtu anavyomega mkate. Mwoka mikate Mmoroko wa kona alikuwa rabi katika picha zake zote. Mama mmoja Mkongo aliyemsaidia usafi alikuwa shangazi yake. Watu walipomwambia kwamba Wayahudi wa Brussels hawakuwa na sura hizo, alisema yeye pia hakumbuki sura, anakumbuka walivyokaa.

Nilipojua hilo nikaamua kwamba nitakuwa ndani ya picha. Ninaandika neno "nikaamua" kwa makini. Sikutaka kazi yoyote duniani mwaka ule kwa nguvu kama nilivyotaka hiyo. Nilikuwa kijana ambaye maisha yangu yote nilikuwa nimetazama picha katika vitabu vilivyochapishwa vibaya, na sasa niliishi ngazi chache juu ya mtu aliyezitengeneza. Nilianza kushuka na kitabu na kukaa karibu na dirisha, uso nimeuelekeza kwenye mwanga kwa pembe niliyoisoma darasani. Nilijifunza kushika kidevu. Nilijifunza kutazama mbali. Jioni moja nilikaa hivyo mpaka shingo ikafa ganzi, na Madame, aliyekuwa akimenya viazi, akaniambia bila kuacha kumenya, "Bwana Profesa, kila nikikutazama nakuta umeshajichora mwenyewe. Nifanye nini tena mimi?"

Kisha akaja Rama. Alitoka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, alikuwa amekimbia vita vya kwao na kupita nchi ambazo hakupenda kuzitaja, na alipata kibarua cha kupanga maboksi katika ghala moja kule karibu na mfereji. Alichukua chumba kilichokuwa chini ya changu. Siku ya kwanza kabisa, mkoba wake bado uko ukumbini, aliona koti la Madame limechanika kwapa, akaomba sindano, akaruka juu ya meza ya kulia, akakunja miguu na kuanza kushona, kwa sababu marehemu baba yake alikuwa fundi na ndivyo alivyomfundisha: kitambaa kisiguse sakafu. Mimi nilikuwa dirishani na kidevu changu. Madame alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama. Mchuzi ulianza kuungua jikoni na hakugeuka. Halafu akamwambia, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia ukielekezwa kwangu, "Mwanangu, usishuke hapo," akaenda kutafuta mkaa wa kuchorea.

Basi, nilikuwa nimeishi pale miezi kadhaa na Rama hakuwa amefungua hata mkoba.

Sikumchukia, na hilo lilikuwa sehemu ya mateso, kwani mtu unayemchukia unaweza kumkwepa kwenye ngazi. Rama alikuwa mcheshi, aliimba bafuni, aliazima sabuni yangu na kurudisha sabuni kubwa zaidi. Alimwita mwenye nyumba "Maman Perla" tangu siku ya pili, wakati mimi sikuweza kuvuka "Madame", na nilipojaribu mara moja kusema "Mama" Madame alinitazama kana kwamba nimemkanyaga. Hata kuku alikuwa upande wake. Rama hakula nyama ambayo hakujua imechinjwaje, na Madame, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akinunua kuku wa dukani kama watu wote, alianza kusafiri kwa tramu hadi bucha la Wayahudi alikonunua mama yake mdogo zamani, kwa sababu nyama ya huko Rama aliikubali. "Muislamu ndiye aliyenirudisha kwenye bucha la wazee wangu," aliwaambia wageni, akicheka, na kila mgeni alimtazama Rama kwa mapenzi. Mimi ni Mlutheri. Mimi hula chochote. Hakuna aliyewahi kupanda tramu kwa ajili ya mtu anayekula chochote.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku mbaya zaidi na tamu zaidi. Madame hakuwa mtu wa dini. Alisema yeye na Mungu walikuwa wanasalimiana tu kama majirani waliowahi kukosana. Lakini Ijumaa jioni meza ilifutwa rangi yote, mishumaa ikawashwa, mkate wa kusukwa ukawekwa chini ya kitambaa, na supu ya kuku ikaja na macho yake ya mafuta yakielea juu. Kabla ya hapo, mchana, alikaa na Rama chumbani akimchora, nami nilikaa kwenye ngazi na vitabu vyangu nikijifanya chumba changu kina baridi. Niliwasikia. "Baba yako alipokuwa anavuta uzi, aliukata kwa meno au kwa mkasi?" "Meno, Maman. Mama alikuwa anamugombeza, meno yatakwisha." Halafu sauti ya Madame: "Wangu pia." Halafu vicheko vya wote wawili, vya chini, kama vya watu wanaofichana jambo na mtu wa tatu. Mtu wa tatu alikuwa kwenye ngazi, makalio yamekufa ganzi, akisoma ukurasa uleule. Mimi Madame aliniuliza maoni kuhusu siasa, hali ya hewa, na bei ya tikiti za makumbusho. Hakuna siku aliyoniuliza nyumbani kwetu uzi ulikatwa na nini.

Sasa lazima nieleze ukuta. Katika chumba kile cha kulia, mkabala kabisa na mlango, palikuwa na mahali pasipo na lipu. Chumba chote kilikuwa cheupe, kimetunzwa, lakini pale, kwenye usawa wa macho, palikuwa na mraba wa matofali matupu, upana wake kama sinia kubwa ya pilau. Ukiingia tu ndicho kitu cha kwanza unachokiona. Niliuona kwa muda wote nilioishi pale na nikawa na maelezo yangu kamili: mama wa watu ni mjane, lipu imedondoka, hana fundi, na anaona aibu kuomba. Desemba ilipofika nikakumbuka nyumbani. Kwetu sikukuu haiingii kwenye nyumba iliyochakaa. Juma la mwisho kabla ya Krismasi mtaa mzima hunuka chokaa. Hata asiye na nguo mpya hupaka ukuta wa mbele, na kijana anayepaka ukuta wa mzee asiyejiweza huombewa dua hadi Pasaka. Nikawaza: Rama anaweza kukaa juu ya meza, lakini hakuna aliyefikiria ukuta. Sitaficha kwamba nilijiona nimesimama pembeni, mnyenyekevu, vumbi kidogo usoni, Madame akigeuka kunitazama na kuita brashi zake.

Siku moja Madame alikwenda kwa daktari na Rama alimsindikiza. Nilinunua mfuko wa lipu na kopo la rangi nyeupe katika duka la vifaa jirani na masoko ya nyama, na nikafanya kazi nzuri, naisifu hadi leo. Nilijaza, nikasawazisha kwa ubao, nikakausha kwa kipulizio cha kukaushia nywele, nikapaka mara mbili. Ukuta ukawa ukuta. Usingejua kamwe. Kisha nikanawa, nikavaa shati safi, nikaacha makusudi tone moja la rangi kwenye kifundo cha mkono, nikakaa mezani kuwangoja.

Madame aliingia wa kwanza. Alifungua mlango, akainua macho kama alivyofanya kila siku, na mguu wake wa pili haukufuata wa kwanza. Rama, nyuma yake na mfuko wa viazi, akamgonga mgongoni. "Nani?" aliuliza Madame. Nikasimama nikasema, kwa Kifaransa changu cha sherehe, kwamba ni zawadi, kwamba kwetu ndivyo tunavyoikaribisha sikukuu. Alivuta kiti akakaa na koti lake mwilini. Nilingoja machozi ya shukrani, na kwa kweli macho yake yalikuwa yamelowa, kwa hiyo kwa muda mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Anderlecht.

"Baba yangu," alisema hatimaye, "kila alipopanga chumba, kabla ya kuingiza kitanda alibandua lipu mahali pamoja. Mraba wa dhiraa moja, mbele ya mlango, ili ukiingia tu uuone. Wenye nyumba walimfukuza kwa sababu hiyo. Ni kwa ajili ya Hekalu la Yerusalemu lililobomolewa. Nyumba ya Myahudi inaachwa haijakamilika mahali pamoja, ili asije akakaa ndani yake akasahau kwamba kuna kitu kimevunjika. Mimi sisali, Bwana Profesa. Lakini niliponunua nyumba hii niliubandua mraba huo kwa patasi, mwenyewe, kabla sijaweka kitanda." Rama aliweka viazi chini taratibu sana. "Profesa," alisema kwa Kiswahili chake, karibu kwa huruma, "wewe umejenga Hekalu." Na Madame, ambaye alikuwa ameshaokota maneno yetu mengi, akauliza amesema nini, nikalazimika kumtafsiria mimi mwenyewe. Alinitazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka alipojifuta pua kwa kitambaa cha brashi na kuacha mstari wa buluu. "Utakwangua," alisema. "Wewe. Si fundi."

Nilikwangua Jumapili baada ya Jumapili. Siku nyingine nilikuwa chuoni, na yeye alitaka nifanye wakati Rama yupo, kwa maana Rama alikuwa na mapumziko siku hiyo na picha ya fundi ilikuwa inaendelea. Jumapili ya kwanza nilirudi kutoka kanisani na suti yangu, ile moja, nikataka kupanda kubadilisha. "Hapana," alisema Madame. "Hivyohivyo. Usivue tai." Nilidhani ni sehemu ya adhabu. Alinipa kisu kidogo cha kukwangulia rangi, chombo ambacho mtu mwenye haraka asingempa adui yake, na akanisimamisha juu ya stuli mbele ya mraba. Rama alikaa juu ya meza, miguu imekunjwa, sindano mkononi. Madame alisimama kati yetu, mgongo kwangu, uso kwa Rama. Vumbi jeupe lilinijaa kwenye nywele na kwenye kola, na huko nyuma nilisikia brashi ikinong'ona juu ya turubai, ikimpapasa mtu mwingine.

Kwa sababu sikuweza kuvumilia kimya hicho, niliongea. Niliongea juu ya wachoraji wa zamani, juu ya kivuli, juu ya kila kitu nilichosoma juma hilo. Madame hakugeuka, lakini nilipokoma aliniambia, "Endelea. Ulikuwa unasema nini kuhusu mwanga?" Nikafurahi, nikaendelea: kwamba kwa Waholanzi mwanga daima una chanzo kimoja, dirisha lililo upande wa kushoto. "Maman," alisema Rama, "anasema mwanga unatoka dirishani. Mi nilikuwa nafikiri unatoka kwenye frigo, ukifungua mlango." "Nyamaza, usitikise mdomo," alisema Madame. "Na wewe, Profesa, usimjibu, endelea na Waholanzi." Nilijipa moyo kwamba kama sura yangu haifai, walau akili yangu inatakiwa. Mraba ulirudi kuwa mwekundu wa matofali, nikashuka kwenye stuli kumwonyesha. "Bado kuna weupe pale pembeni," alisema, na hakuwa hata ametazama. Nikapanda tena. Hakukuwa na weupe. Nilikwangua tofali.

Picha ilipokwisha alituita wote wawili. Nilitazama uso wa Rama, nikaona ulivyokuwa hai, nikaona kwamba ni picha bora kuliko zote alizowahi kuchora, na nikasema nina mtihani. Sikutazama kitu kingine. Baada ya siku chache ilifungwa kwa magazeti ikaondoka na mnunuzi wa Antwerp, na majira ya joto yalipoanza nami nikahamia karibu na chuo, nikabaki kumtumia Madame kadi kila Desemba, kadi zenye maneno mengi. Alinijibu kwa mistari mifupi. Rama alikula kwake kila Ijumaa hadi mwisho. Hilo pia nililijua, na nililibeba.

Jumamosi iliyopita nilimfuata dukani kwake, katika ujia wa maduka wa Galerie d'Ixelles, kibanda cha kupunguzia suruali na kubadilishia zipu kilichobanwa kati ya saluni za nywele. Amekuwa na kitambi na upara unaong'aa, na hakuna mpita njia ambaye angemdhania kijana wa metro. Nakiri nilipata faraja. Alinitazama tai. "Iko vizuri," alisema, akaikaza kidogo kwa vidole vya kazi. Katika makumbusho tulipita taratibu kwenye meza za Ijumaa, tukamsalimia mwoka mikate, tukamsalimia shangazi. Katika kila picha kulikuwa na mraba mdogo ambao Madame aliuacha bila rangi, kitambaa kitupu, mahali fulani ukutani au kwenye kona. Hilo wachambuzi wanalijua na wameliandika vizuri. Mwishoni mwa ukumbi wa pili alikuwa Rama, mkubwa, na mbele yake mwongozaji akizungumza na wanafunzi. "Tazameni macho," alikuwa akisema. "Fundi amesikia hatua kwenye ngazi. Anajua ni akina nani. Hii ndiyo sekunde ya mwisho ya maisha ya kawaida." Wanafunzi wakaandika. Rama aliinama sikioni mwangu. "Nilikuwa nakuangalia wewe," alisema.

Sikuelewa. Akanivuta pembeni. "Ile stuli. Wewe na kale kakisu, na tai, na vumbi kichwani kama mandazi ya sukari, na domo halifungi. Waholanzi, Waholanzi. Nilikuwa nauma shavu ndani ili nisicheke. Maman aliniambia: 'Umuangalie Profesa, usiniangalie mimi.' Siku moja ulienda kunawa, akaniambia kwa nini. Baba yake alikuwa anamuangalia hivyo grand frère wake, kaka yake mukubwa. Yule alikuwa anasoma, alikuwa na tai hata kwa kula supu, alikuwa anaongea tu, anaongea tu, na mzee anashona, anamuangalia. Aliniambia, baba alimuona ni mjinga, na hakutaka mtu amuguse."

"Mbona hukuniambia?" Watu wawili waligeuka kututazama.

"Alikataza. Alisema ukijua utaanza kukaa vizuri."

Tulirudi mbele ya picha wanafunzi walipoondoka. Matangazo ya metro ni marefu na membamba. Yameikata picha upande wa kulia. Hapa ilikuwa nzima. Nilifuata macho ya fundi taratibu, kutoka kwenye sindano hadi kwenye mwanga wa dirisha, hadi mwisho wa turubai, na pale yalipotua, pale ambapo kwa haki yote palipaswa kuwa na kijana aliyesimama juu ya stuli, palikuwa na mraba. Ulikuwa mkubwa kuliko miraba yote ya ukumbi ule, kitambaa kitupu, kimeanza kuwa cha manjano. Kaka yake hakumchora. Hakumchora katika picha yoyote. Nilirudi baadaye kuhakikisha. Wote wengine aliwapatia bega la jirani au shingo ya mtu, lakini kwa kaka yake aliniweka mimi wa kutazamwa, kisha akaacha mahali pake wazi. Najua ninachopaswa kuandika hapa. Ninapaswa kuandika kwamba wivu uliniacha. Lakini nilisimama pale nikiwa na umri wa kutosha kuelewa heshima niliyopewa, na moyo wangu ukaniambia, kwa sauti ya mtoto kabisa, kwamba walau angetia pua.

Nilisogea kulia, karibu na mraba, nikiutazama. Dada mmoja mlinzi akaja, akaniambia kwa adabu kwamba naziba picha. "Mwache, madame," alisema Rama. "Yeye ni wa humo." Yule dada alimtazama Rama, akaitazama picha, akamtazama Rama tena, upara, kitambi, macho yale. Akaweka mkono mdomoni. Akauliza kama ni kweli, na Rama akasema ni kweli, kwa unyenyekevu ambao ameufanyia mazoezi. Aliomba wapige picha pamoja, ya kumwonyesha mama yake, ambaye bila hiyo hangemwamini. Simu bila shaka nilipewa mimi.

Walisimama mbele ya fundi, bega kwa bega. Nilirudi nyuma hatua chache, tai yangu imekazwa, nikaeleza kwamba taa za makumbusho si nzuri, kwamba afadhali wageuke kidogo, kwamba mwanga unaofaa daima hutoka upande mmoja. Yule dada alitabasamu kwenye simu. Rama alikuwa anauma shavu kwa ndani. "Rama," nikamwambia, "tazama simu." Hakuitazama.